Waridi la Nyakio Lagoma

Kwenye kona ya Woodley, pale njia ya mtaa inapotokea Ngong Road, kulikuwa na benchi ambalo halikuwahi kutengenezwa na fundi yeyote. Lilikuwa ubao mpana uliosahauliwa na watu wa ujenzi, ukalazwa juu ya mawe mawili, na miaka ikaulainisha kwa suruali za wazee. Mbele yake Were aliweka jiko la makaa na birika lake la kahawa yenye tangawizi. Juu yake mjakaranda ulikuwa umechanua, maana ulikuwa mwezi wa Oktoba, mwaka wa tisini na moja, na maua yake ya zambarau yalidondoka bila adabu, mengine mpaka ndani ya vikombe. Mtu wa kwanza kufika asubuhi aliyapangusa kwa mkono kabla ya kuketi. Asubuhi ile wa kwanza kufika alikuwa Wahome, na hakuyapangusa. Aliyakalia.

— Rula amekalia maua, — Odero alinong'ona alipofika, lakini mnong'ono wa Odero ulisikika mpaka ng'ambo ya barabara. — Mnaona? Huyu mtu leo hayuko sawa.

Walimwita Wahome Rula kwa sababu maisha yake yote ya kazi aliyamaliza katika ofisi ya ramani za jiji, akichora mitaro na barabara, na alipostaafu alirudi nyumbani na unyoofu wake wote. Alipiga pasi hata leso. Fensi yake ya kaiyaba, ule mmea wa miba, ilikuwa imenyolewa tambarare, hivi kwamba ungeweza kuweka bakuli la mchuzi juu yake na tone lisimwagike. Mtu wa aina hiyo akikalia maua, wenzake lazima waulize.

— Nani amekufa? — aliuliza Hezekiah.

Hezekiah walimwita Stima. Alikuwa amepanda nguzo za umeme tangu ujana mpaka magoti yalipokataa, na hakuna jambo duniani ambalo hakuona waya ndani yake.

— Hakuna mtu amekufa, — Wahome alijibu. — Were, nipe kahawa.

— Kama hakuna mtu amekufa, kunja uso ya nini? — alisema Tarlochan Singh, ambaye gereji yake ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Mikono yake ilikuwa na grisi mpaka kwenye viwiko, lakini kilemba chake cha bluu hakikuwahi kuonekana na doa. Jina lake la benchini lilikuwa Spana. — Sema, Baba Wangui. Sisi hapa siyo watu wa barabara.

Wahome alipuliza kahawa yake ingawa haikuwa ya moto sana. Alikuwa mtu wa kumeza mambo yake. Tangu mkewe Nyakio afariki, mwaka uliopita, hata mwenyewe alishangaa jinsi alivyokuwa na maneno machache. Ni kama Nyakio alikuwa ameyachukua kwenye mkoba wake.

— Ni Wangui, — alisema mwishowe. — Alikuja jana kutoka Nakuru.

— Harusi imevunjika! — Odero alipiga paja.

— Odero, nyamaza kwanza. Harusi iko. Ni Desemba, vile mnajua. Lakini ameniambia hataki maua ya kununua mjini. Anataka abebe maua ya mama yake. Ile waridi.

Kila mtu pale alilijua lile waridi. Nyakio alikuwa fundi wa kushona mapazia, na siku moja miaka mingi iliyopita alirudi kutoka nyumba moja ya Lavington na kijiti kilichofungwa kwenye gazeti lililolowa. Alikichomeka mbele ya nyumba, kati ya sukuma wiki na mnanaa. Kijiti kikawa kichaka. Hakikuwa kama yale mawaridi ya kizungu yanayosimama moja moja kama askari. Hiki kilijimwaga, kikaegemea dirisha, kikajaa maua ya rangi ya waridi hafifu, manono, yenye petali nyingi kama kabichi, na harufu yake jioni iliwafikia watu barabarani. Wasichana wa mtaa walipigia picha pale. Vijana walioshindwa la kusema kwa wachumba wao walikuja kuomba ua moja, na Nyakio aliwapa.

— Sasa si umpe? — Were aliuliza akijaza vikombe. — Maua ni ya mamake.

— Nimpe nini, Were? Haijatoa hata moja tangu mazishi.

Hilo hawakulijua. Fensi ya kaiyaba ilikuwa imefika mabegani na hakuna aliyechungulia.

— Hata moja? — Hezekiah aliuliza.

— Majani tu. Kijani kizuri, inang'aa, lakini maua hakuna. Wangui alisimama mbele yake jana, akaniuliza, baba, imelala tu, sivyo? Itaamka kabla ya Desemba? — Wahome alitazama ndani ya kikombe. — Nikamwambia ndiyo.

— Ai, — alisema Tarlochan polepole. — Wewe nasema ndiyo kwa bibi harusi.

— Ningesema nini, Singh?

Hapo ndipo kikao kilipofunguliwa rasmi. Odero alizima redio. Hii redio ilikaa kwapani mwake mchana kutwa, ikimpa habari za nchi zote za dunia isipokuwa za nyumbani kwake, na ndiyo iliyompa jina la Bibisi. Akiizima, watu walijua jambo ni zito.

— Mimi naanza, — alisema Tarlochan. — Hii ni mambo ya mafuta. Gari bila mafuta hapana tembea. Wewe nampa chakula gani?

— Mbolea ya kuku kila wiki, — alijibu Wahome. — Ya dukani pia, ile nyeupe. Majani ya chai. Maji asubuhi na jioni.

— Asubuhi na jioni? Hata hii wakati ya mgao wa maji?

— Mimi naoga kwa kikombe, Singh. Maji inaenda kwa maua.

— Basi chakula iko mingi. — Tarlochan alikuna ndevu. — Kama chakula iko mingi na gari hapana waka, hiyo ni plagi chafu. Mimi naleta oili kidogo ya injini, namwaga kwa mizizi, nasafisha yeye ndani...

— Utaua! — watatu walipaza sauti pamoja.

— Kidogo tu!

— Singh, weka oili yako mbali, — alisema Hezekiah. — Shida ya hiyo maua iko wazi kama mchana. Mmesahau taa ya barabarani? Waliweka taa mpya pale nje kwa Rula, lini? Mwaka jana! Mwaka huo huo! Ile taa inamulika mpaka asubuhi. Sasa wewe maua, unaona mchana, unaona mchana tena, hakuna usiku. Utalala saa ngapi? Na bila kulala utazaa na nguvu gani?

Odero alitingisha kichwa kwa heshima. Hata Were aliacha kupepea makaa.

— Hiyo imeingia, — alisema Were.

— Imeingia kabisa. Dawa yake ni blanketi. Jua likizama, unafunika.

Wahome alikohoa.

— Nilifunika, — alisema.

— Ati?

— Mwezi wa saba, wakati wa ile baridi. Nilidhani inasikia baridi. Niliifunika kila jioni na blanketi.

Hakusema ni blanketi gani. Lilikuwa lile la Nyakio la miraba ya kahawia, na asubuhi alikuwa akilikung'uta umande na kulianika ndani ya nyumba, majirani wasilione. Kuna jambo lingine pia ambalo hakulisema, na hilo ndilo lililomketisha juu ya maua ya mjakaranda. Siku ya mazishi walikata maua yote ya kile kichaka wakayaweka juu ya kaburi. Tangu siku ile Wahome aliamini moyoni kwamba waridi lilikuwa limemjua vizuri. Lilijua ni nani aliyelipenda na ni nani aliyepita kando yake kila asubuhi akienda kazini bila kugeuza shingo. Mwenye nyumba aliyebaki halikumtaka.

— Na siyo kwamba hutunzi, — Odero alisema, kana kwamba amemsikia. — Mimi ni shahidi. Kila Jumamosi tunakusikia kutoka hapa, kacha kacha kacha, makasi inalia tu. Nairobi nzima hakuna maua inanyolewa kama hiyo.

— Naikata pamoja na fensi, — Wahome alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na fahari kidogo. — Sasa imekaa vizuri. Mraba. Juu tambarare, pembeni nimeinyoosha na kamba. Nyakio aliiacha inaanguka anguka kila mahali, mpaka kwa njia. Hiyo bustani yote nimeipanga. Sukuma kivyake, maua kivyake, mawe nimeyapaka chokaa.

— Kazi safi, — Hezekiah alikubali. — Mtu hawezi kukulaumu.

— Basi nisikilizeni mimi, — Odero alisema, akasogea mbele mpaka ubao ukalia. — Nyote mnazungumza juu ya maua kama ni mtu wa hapa. Hii ni mgeni. Kwao kuna theluji. Miezi mingine kwao hakuna kitu, barafu tupu, mtu anatembea na koti tatu. Maua inalala. Barafu ikiisha, inaamka, inachanua. Nimesikia hapa kwa redio. Sasa hii yetu imekaa Woodley inangoja baridi, inangoja, inangoja. Hakuna. Imekata tamaa!

— Lakini miaka ile yote ilikuwa inachanua, — Were alisema.

— Were, mimina kahawa. Ilikuwa bado kijana. Sasa imezeeka, imekumbuka kwao. Mtu akizeeka si anakumbuka kwao? Rula, nenda kwa bucha, omba barafu, zungusha kwa mizizi kila asubuhi. Na ukiweka, isemeshe Kizungu.

— Niiambie nini kwa Kizungu?

— Chochote! Habari ya asubuhi. Hali ya hewa. Wazungu wanapenda sana hali ya hewa.

Tarlochan alicheka mpaka akalazimika kushika kilemba. Hezekiah hakucheka. Alikuwa amekasirika kwamba taa yake imepitwa na barafu.

— Kwetu, — alisema, — mpapai ukikataa kuzaa, unapigiliwa msumari. Hakuna kubembeleza. Msumari kwa shina, pa! Unashtuka, unasema, kumbe hawa watu hawataki mchezo. Msimu unaofuata unabeba mpaka unaegemea.

— Hiyo ni kweli, — Odero alisema. — Hata sisi tunafanya hivyo.

— Msumari mimi iko nayo, — alisema Tarlochan. — Hii ndefu kama mkono.

— Na kama siyo msumari, basi tuiletee bwana, — Odero aliendelea, maana hakupenda neno la mwisho liwe la mwingine. — Harusi inataka harusi. Maua inaona Wangui anaolewa, na yenyewe imekaa mjane pale peke yake. Tutafute waridi dume.

— Liko dume na jike? — Were aliuliza.

— Kila kitu kiko dume na jike. Tupande kando. Lakini lazima tupeleke mahari, mambo isiwe ya uhuni. Singh atakuwa mshenga.

— Mimi? Mimi napeleka mbuzi kwa maua?

— Mbuzi atakula bibi harusi kabla ya chai! — alisema Hezekiah, na sasa hata yeye akashindwa, na benchi zima likatikisika kwa kicheko.

Wahome naye alicheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, kikakwama katikati, na alipopangusa macho, mkono ulikaa pale usoni muda mrefu kuliko inavyohitajika. Wenzake waliona. Kila mmoja akapata kitu cha kutazama kwenye kikombe chake.

— Rafiki yangu, — Tarlochan alisema kwa sauti ya chini. — Sisi nacheza tu. Lakini kama wewe nataka, mimi naleta msumari. Naleta nyundo. Sisi wote nakwenda sasa hivi.

— Twende, — alisema Hezekiah. — Tujaribu. Desemba si mbali.

Wahome aliwatazama. Hakuamini msumari. Lakini alikuwa ameamini mbolea, na maji, na blanketi, na yote yalikuwa yamekataa. Akilini alimwona Wangui akishuka ngazi za kanisa na maua ya karatasi mkononi, akitabasamu ili baba yake asihuzunike. Alirithi tabasamu hilo kwa mama yake. Akaweka kikombe chini.

— Haya, — alisema. — Lete msumari.

Kando ya jiko alikuwa amesimama mwanamke kijana, mtoto mgongoni, aliyekuja kununua mandazi. Aliitwa Munyiva, na alikuwa amehamia juzi tu katika chumba cha nyuma kwa Hezekiah. Mtaa mzima ulikuwa bado haujasikia sauti yake. Aliamkia kwa kuinamisha kichwa na kulipa bila kuuliza. Were alikuwa amemfungia mandazi kitambo, lakini hakuwa ameondoka. Alihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, akampigapiga mtoto mgongoni ingawa mtoto alikuwa amelala.

— Samahani, wazee wangu, — alisema, na aliangalia makaa, si watu. — Huyo mama... yeye alikuwa akiifanyia nini?

— Nani? — aliuliza Odero.

— Mwenyewe. Mama Wangui. Wakati ilikuwa inachanua, alikuwa anaifanyia nini?

Odero alifungua mdomo. Alikuwa na jibu la kila kitu kuanzia bei ya mafuta Uarabuni hadi kwa nini simba hali majani. Mdomo ukabaki wazi.

— Alikuwa... — alisema Hezekiah. — Si alikuwa, eh...

— Yeye nampa... — Tarlochan alianza, kisha akageuka kumtazama Wahome.

Wote walimgeukia Wahome. Mtu huyu alijua kina cha kila mtaro wa Woodley. Ungemwamsha usingizini akakuambia bomba linapita upande gani wa barabara. Alitafuta kichwani, akatafuta tena, kama mtu anayepapasa mfuko anaojua funguo zimo. Alikuwa ameishi na mwanamke yule katika nyumba ile tangu Wangui akiwa anatambaa.

— Sijui, — alisema.

Munyiva aliona haya, akashika mandazi yake, akasema asante na kuondoka upesi, kana kwamba amevunja kikombe cha mtu. Were aliinamisha birika. Likatoa matone machache na mashapo.

— Kahawa imeisha, wazee, — alisema.

Wahome alirudi nyumbani peke yake. Nyundo hakuichukua. Alisimama mbele ya kile kichaka cha mraba, akatafuta tena, safari hii si kwa kichwa bali kwa macho. Alimweka Nyakio pale. Alimweka na kopo la maji: hakukumbuka kopo. Alimweka na makasi: hapana, makasi yalikuwa yake mwenyewe, na Nyakio hakuwahi kuyashika. Kisha akakumbuka kigoda. Kigoda kile kifupi, sasa kiko jikoni nyuma ya mlango. Jioni zile Nyakio alikaa juu yake hapa, kando ya kichaka, bakuli la minji, zile njegere za maganda, mapajani, akimenya, maganda yakidondoka miguuni. Wahome alikuwa akirudi kazini, anapita, na tawi linamkwaruza shavu. Akawa anasema kila mara neno lile lile, kwamba Jumamosi atalikata liwe sawa na fensi. Na Nyakio bila kuinua macho kutoka kwenye bakuli akawa anamjibu:

— Iache, Baba Wangui. Iache tu.

Miaka yote hiyo aliitika, akaingia ndani, akadhani mkewe ni mvivu wa bustani.

Alichuchumaa kwa taabu, akalitazama waridi vizuri. Kila tawi lilikuwa na ncha iliyokatwa. Chini ya kila mkato lilikuwa limetoa chipukizi jekundu, likapanda kuelekea juu, na mahali lilipofika usawa wa kamba yake, lilikuwa limekatwa tena. Mwaka mzima waridi halikuwa limegoma. Lilikuwa likijaribu kila wiki, na kila Jumamosi yeye alikuja.

Jumamosi iliyofuata benchi lilikaa likingoja ile kacha kacha. Hawakuisikia. Hezekiah alisema labda makasi yamepata kutu. Jumamosi ya pili hawakuisikia, na Odero akasema Rula anaumwa na anaficha. Lakini Rula alikuja kila asubuhi, akapangusa ubao, akaketi, akanywa, na akiulizwa habari ya maua alisema tu, iko. Msumari wa Tarlochan ulikaa kwenye mfuko wa ovaroli mpaka ukatoboa kitambaa.

Mvua za vuli zilianza, na Novemba ilipokuwa imekolea, wale watatu walishindwa kuvumilia. Waliondoka benchini jioni moja wakiwa na vikombe mikononi, Were akiwalalamikia kutoka nyuma, wakaenda kuchungulia juu ya fensi.

Fensi ilikuwa imeanza kuota vichipukizi juu. Ndani, kichaka kilikuwa kimeharibika kabisa. Tawi moja lilielekea dirishani, lingine njiani, lingine limepinda hadi kwenye sukuma wiki kama mtu anayetafuta kitu chini. Kando yake, juu ya kigoda kifupi, Wahome alikuwa ameketi na bakuli mapajani. Upande wa pili wa njia Munyiva alikuwa amekaa kwenye jiwe lililopakwa chokaa, mtoto akitambaa kati yao na ganda mdomoni.

— Rula! — Odero aliita. — Hii ni nini? Mbona umeiacha imekaa vibaya hivi? Tukuletee makasi?

— Iacheni, — alisema Wahome.

— Na Desemba ndiyo hiyo! — alisema Hezekiah. — Sasa unaifanyia nini?

Kwenye ncha ya tawi lililoegemea bega lake kulikuwa na tumba, na jingine, na mengine matatu nyuma, na lile la mbele lilikuwa limepasuka kidogo na kuonyesha rangi ya waridi hafifu ndani. Kutoka kwenye fensi hungeweza kuyaona. Wahome hakuyaonyesha. Alichukua ganda lingine, akalifungua kwa kidole gumba.

— Namenya minji, — alijibu.